Tununue Oili, Tusinunue Picha



Twaomba nafasi katika karatasi hii ya chama chetu tuseme neno juu ya oili ya motokaa. Wengine watacheka na kuuliza, oili ya motokaa ina shauri gani na chama cha wafanya kazi wa reli? Twawajibu, ina shauri kubwa. Wengi wetu tuna gari nyumbani, au tuna hisa katika gari. Mfanya kazi akiweka akiba miaka sita, saba, hununua Probox ili mtoto wa ndugu aendeshe, na mama apate pesa ya unga. Gari hilo ndilo shamba letu, na injini yake ikifa akiba ya miaka sita imekufa siku moja.

Sisi tunaoandika ni watu wanne wa karakana. Kwetu ni Garissa. Reli haijafika Garissa hata leo. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, lakini upande wa Tana iliuacha. Mwaka 1948 mpaka 1977 palikuwa na reli moja ya Afrika Mashariki yote, wala haikutugeukia. Mwezi wa Machi 2012 ulizinduliwa kule Lamu mpango wa bandari na wa njia ya reli itakayopita Garissa kwenda Isiolo. Bandari twaiona, lakini taruma la reli Garissa hatujaliona hata moja. Kwa hiyo watu wa kwetu husafiri kwa motokaa. Wagonjwa, mbuzi, miraa, unga, wanafunzi, maiti, wote huchukuliwa na motokaa. Kutoka Nairobi mpaka Garissa ni karibu kilomita 370. Kutoka Garissa mpaka Dadaab ni karibu 100, na Wajir ni mbali zaidi ya mara tatu ya hiyo. Injini ikisimama katikati ya njia hizo, si jambo la kuchelewa tu. Ni jambo la jua, la kiu, la usiku kuingia mahali ambapo mtu hapendi usiku umkute.

Basi sikilizeni yaliyotupata.

Tulinunua Probox moja kwa kuchanga, tukampa kijana wa kwetu aendeshe Garissa na Dadaab. Kijana huyu ni hodari, halewi, hapigi gari mbio. Kila wiki alituletea hesabu kwa simu. Siku moja alisema, “Wazee, pesa ya oili mliyotuma haitoshi. Kwa bei hiyo iliyopo ni hii ya duka la pembeni, na mimi siijui.” Sisi tukajibu kwa sauti ya wakubwa, “Oili ni oili. Nunua.” Akanunua. Kopo lilikuwa na picha nzuri na jina ambalo kila mtu analijua.

Wiki ya tatu injini ikaanza kugonga. Kabla ya kufika Dadaab ikashika, ikasimama. Abiria wakashuka, wakakaa juani mpaka lori la mbuzi likawachukua. Gari likavutwa kwa kamba mpaka Garissa. Fundi alipofungua chini ya injini alikuta kitu kizito kama lami, na beringi za krenki zimeliwa mpaka zimeng'aa kama sarafu mpya.

Nasi tulifanya nini? Tukafanya lile ambalo kila mwezi twalilaani katika mikutano yetu. Tukasema kosa ni la dereva. Tukamkata nusu ya malipo yake, tukamwambia atakatwa mpaka injini itakapolipwa.

Kijana hakugombana. Alipanda basi, akaja mpaka nyumba za reli Nairobi, amebeba lile kopo tupu katika mfuko. Akaliweka mezani mbele yetu. Akasema, “Wazee wangu, nyinyi mna chama. Bwana mkubwa akiwaonea, mnacho pa kusema. Mimi bwana wangu ni nyinyi. Chama changu mimi ni nani?”

Hatukuwa na jibu. Tukalitazama lile kopo, na kwa mara ya kwanza tukasoma maandiko yaliyo nyuma yake. Ndipo tukaona tulivyo wajinga. Tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za wanawali waliolala bila mafuta ya taa. Wale walau hawakuwa na mafuta. Sisi tuliyanunua mabaya kwa pesa yetu wenyewe, kisha tukamlaumu mchukua taa.

Tangu siku hiyo tumejifunza, na tuliyojifunza twataka kila mwanachama ayajue.

Kwanza, maswali ya watu. Kila tukikaa kwenye chai tunasikia ubishi. Huyu asema Shell ni bora, yule asema Total, wa tatu asema Castrol ndiyo ya wazee, wa nne asema hatatia kitu ila Mobil. Wanabishana kama watu wa mpira. Lakini ubishi huo hauna mwisho, maana swali lenyewe limekosewa. Kampuni moja haiuzi oili moja. Shell yauza Helix HX3, HX5, HX7 na Ultra. Total yauza Quartz 3000, 5000, 7000 na 9000. Castrol yauza GTX, na juu yake Magnatec, na juu yake Edge. Hizo ni za motokaa ndogo. Kwa malori ya dizeli kuna Rimula, Rubia na Delvac. Katika kila jina kuna ya chini na kuna ya juu. Basi mtu akisema “Mimi natia Total,” ni kama kusema “Mimi nasafiri kwa treni.” Treni gani, na behewa la daraja gani?

Tena majina hupita. Vituo vya Caltex tulivyovijua utotoni viliingia mikononi mwa Total mwaka 2009. KenolKobil ilinunuliwa na Rubis mwaka 2019. Vibao vimebadilishwa rangi, na injini hazikujua habari hiyo. Injini haisomi kibao. Injini inajua mambo mawili tu: uzito wa oili, na daraja la dawa zilizomo ndani yake. Mambo haya mawili yameandikwa kwenye kila kopo halali.

Uzito. Tazama namba kama 5W-30, 15W-40, 20W-50. Namba ya kwanza, yenye herufi W, ni ya baridi. Herufi hiyo inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Yaonyesha jinsi oili itakavyotiririka injini ikiwa baridi sana, kama asubuhi ya theluji Ulaya. Namba ya pili ni uzito wa oili injini ikiwa moto, nao hupimwa kwa nyuzi 100. Sasa fikirini. Garissa mwezi wa Machi jua hupita nyuzi 35, na hata usiku hakuna baridi. Namba ya kwanza kwetu si shauri kubwa. Namba ya pili ndiyo yetu. Gari lenye mzigo, kioo wazi, vumbi, jua la saa saba, linataka oili ambayo haigeuki maji.

Lakini hapa wengi hukosea upande wa pili. Husema, “Garissa ni moto, basi kila gari tutie 20W-50.” Sivyo. Kuna motokaa mpya za Japani, hasa zile zenye betri ya kusaidia injini, ambazo zimetengenezwa kwa oili nyepesi kama 0W-20. Njia zake za oili ni nyembamba. Ukiitia nzito, oili itachelewa kufika, na petroli itakwenda nyingi. Probox iliyokuja nchini na miaka saba au nane, ikapigwa miaka mingine mitano njia ya mchanga, imelegea kidogo. Hiyo yaweza kufaidi 15W-40 au 20W-50. Kitabu cha gari husema ni oili zipi zinazofaa kwa nchi ya joto. Kama kitabu kimepotea, muulize fundi wa haki, wala si mwenye duka.

Daraja. Nyuma ya kopo kuna maneno API, kisha herufi. API ni chama cha makampuni ya mafuta cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1919, nacho ndicho kinachopanga madaraja haya. Herufi S ni ya injini za petroli, herufi C ni ya dizeli. Herufi inayofuata hupanda kama madarasa ya shule: SF ni ya zamani, SJ ni ya baadaye, kisha SL, SM, SN, na SP iliyotoka mwaka 2020. Oili ya SF ni ya magari ya kabla ya mwaka 1989. Probox ilianza kutengenezwa mwaka 2002. Basi anayetia SF katika Probox anamrudisha mtoto wa darasa la nane akakae na wa darasa la kwanza. Na oili ya SF bado yauzwa, kwa makopo yenye picha za motokaa za mbio! Twaambiwa ni rahisi. Ni rahisi kweli, maana dawa za kusafisha injini na za kuzuia chuma kisile chuma ni chache.

Kwa dizeli ni vivyo hivyo. CC na CD ni za injini za zamani. CF-4 ilitoka mwaka 1990, nayo imepitwa. Lori la miaka ya karibuni latafuta CI-4 na zaidi. Wale wa bodaboda na tuktuk nao wasichukue oili ya motokaa ovyo. Pikipiki nyingi klachi yake huogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na oili nyingine za motokaa huifanya iteleze. Kwenye kopo la pikipiki tafuta maneno JASO MA.

Twaongeza makosa matatu ya kila siku. La kwanza, kupima oili kwa kusugua kidoleni. Kidole hakijui lolote juu ya dawa zilizomo. La pili, kusema oili ikiwa nyeusi imeharibika. Oili njema huwa nyeusi upesi, maana inabeba uchafu wa injini, kama maji ya kufulia nguo za karakana.  La tatu, kulaumu oili kwa kosa la vumbi. Mchanga wa njia za kwetu ukipita kwenye filta ya hewa iliyotoboka huingia ndani na kusaga pistoni kama jiwe la kusagia. Mtu ananunua oili ya bei kubwa, na filta anaipiga piga ukutani mwaka mzima. Huyo amefunga mlango, ameacha dirisha wazi.

Sasa habari ya udanganyifu. Lile kopo letu lilikuwa la kampuni kubwa kweli, lakini kilichokuwa ndani hakikuwa chao. Watu waovu hukusanya makopo matupu, huchuja oili iliyokwisha kutumika, hutia ndani, hufunga. Rangi huwa nzuri, dawa hamna. Kenya ina sheria ya kupinga bidhaa bandia tangu mwaka 2008, na kuna mamlaka maalumu ya kazi hiyo. Kuna na Shirika la Viwango, ambalo alama yake mtu aweza kuihakiki kwa simu. Lakini askari hawezi kusimama katika kila duka toka Madogo mpaka Mandera. Mlinzi wa kwanza ni mnunuzi. Atazame pete ya kifuniko kama haijakatwa. Atazame tarehe na namba ya fungu, kama zimepigwa sawasawa au zimefutika. Asome herufi moja moja, maana waongo hukosea tahajia. Adai risiti yenye jina la duka. Na muuzaji akikataa kutoa risiti, amekwisha kujishuhudia mwenyewe.

Na kopo likiisha, litobolewe. Hili ni jambo dogo lenye nguvu. Kila kopo zima tunalotupa ni jembe tunalompa mwizi. Wala mtu asilitie maziwa wala maji ya kunywa. Oili iliyotumika nayo isimwagwe Tana, maana watu na ng'ombe wanakunywa huko, wala isiachwe mikononi siku nzima. Sisi wa karakana twajua kwamba madaktari wanaihesabu kuwa inaleta kansa ya ngozi. Osha kwa sabuni kabla ya kula.

Ndugu zetu watasema, “Maneno mazuri, lakini pesa hakuna.” Tufanye hesabu basi, maana hata sisi hatuna. Gari linalokwenda Dadaab na kurudi mara mbili kwa siku hufanya kilomita 400. Kwa vumbi na joto la kwetu, oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, ndiyo siku kumi na mbili hivi. Tuseme kopo la lita nne la oili ya haki limezidi la bandia kwa shilingi 1,000. Gawanya kwa kilomita 5,000. Ni senti 20 kwa kila kilomita. Kwa safari moja ya Dadaab ni shilingi 20, kwa gari zima, si kwa abiria mmoja. Hiyo ndiyo pesa tuliyojidai kuiokoa. Kwa ajili ya shilingi 20 za safari tuliua injini, tukawaweka abiria juani, tukamwonea kijana wa watu.

Katika reli hatufanyi hivyo. Wazee wetu wa mvuke, waliozihudumia zile Garratt za daraja la 59 zenye tani zaidi ya 250, walijua kwamba beringi ya ekseli ikikosa mafuta huwaka moto na treni yote iko hatarini. Siku hizi, kwa injini za dizeli za reli, oili huchukuliwa kidogo na kupimwa, ili vipande vya chuma vilivyomo vieleze ni beringi gani inayoliwa. Hakuna anayetia oili katika injini ya treni kwa sababu ya picha. Kwa nini basi tukifika nyumbani tunaisahau kazi yetu wenyewe?

Tumeliweka mwisho shauri lililo zito kuliko yote, nalo ni mshahara wa dereva.

Njia zote za Kaskazini Mashariki wamejaa vijana wanaoendesha magari ya watu wengine. Injini ikifa, mwenye gari hasemi “Nilimpa pesa kidogo.” Husema “Ameua gari langu,” na kumkata. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema mwajiri aweza kumkata mfanya kazi kiasi cha haki kwa hasara iliyotokea kwa kosa la makusudi la huyo mfanya kazi. Makusudi, ndugu. Dereva aliyetia oili aliyopewa pesa ya kuinunua, tena akaonya kwamba haijui, makusudi yake yako wapi? Na hata pale ambapo kukata ni halali, makato yote pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Haya madereva wengi hawayajui, na wenye magari wengi hawapendi wayajue.

Sisi tulimrudishia kijana wetu pesa yote tuliyomkata. Hatusemi hivi ili tusifiwe, maana ilikuwa yake. Injini nyingine tumenunua kwa mkopo, na mkopo tunalipa sisi wanne, kama ilivyo haki. Sasa yeye ndiye anayechagua oili, na sisi tunatuma pesa inayotosha. Kwenye gari kuna daftari: tarehe, kilomita, jina la oili, uzito, daraja, namba ya risiti. Kalamu ya dereva ndiyo shahidi wake.

Twapendekeza mambo matatu kwa wanachama wenye magari. Moja, tununue oili pamoja kwa katoni au pipa kutoka kwa wakala halali wa kampuni, kila mtu achukue yake, bei itashuka na bandia haitaingia. Mbili, kila mwenye gari ampe dereva wake karatasi ya mapatano, iseme ni nani anayenunua oili na ni nani anayebeba hasara. Tatu, tuwaite madereva hawa katika mikutano yetu ya matawi, wakae nasi, waseme.

Mtu akituuliza tena oili ipi ni bora, jibu letu ni fupi. Ni ile yenye uzito unaotakiwa na gari lako, daraja linalolingana na umri wake, kifuniko kizima na risiti mkononi. Jina la kampuni na liwe lo lote katika yale yanayojulikana, nasi hatulipwi na hata moja.

Lakini kabla ya kumwuliza dereva wako “Umetia oili gani?” jiulize kwanza, “Nilimpa pesa ya oili gani?” Swali lile la kijana, chama changu ni nani, sisi tulilijibu kwa kuchelewa. Wewe mwenzetu, usilingoje mpaka likufikie mezani ndani ya mfuko.

Sisi ndugu zenu wanne wa karakana.